Uso wa Mwisho Ukutani

Talabahan, Capiz
9 Oktoba 1993

Inday wangu Perlita,

Vuta kiti ukae kwanza, maana mama yako ana habari za kukujaza kifua. Mimi mzima, goti tu linanung'unika, na hilo ulilijua kabla hujapanda meli.

Jukwaa la mianzi limeteremshwa Jumatano, picha yako ya ukutani sasa iko wazi. Kijiji kizima kilikuja pale kwenye ghala la mbata kama vile ni sikukuu ya mtakatifu wetu. Sikatai, wote tulishika brashi. Watoto walipaka mawimbi, wavuvi walibandika maganda ya chaza kwenye mwezi, kila mtu alikuwa anaonyesha kipande chake kwa kidole. Lakini picha yenyewe nani aliyeichora? Nilisimama mbele kabisa kuhakikisha hakuna anayesahau. Lile joka lako bakunawa, linalotaka kumeza mwezi, Padre alirudi nyuma kidogo akasema linamtazama yeye. Na mwezi wenyewe jua likiupiga unameremeta mpaka walio kwenye mashua wanauona. Mwalimu wa shule akaanza kuwaeleza watoto habari za diwata, roho wa mlimani, nikamkatiza. Nikamwambia pole mwalimu, hizo habari nilimsimulia mimi Perlita akiwa bado ananyonya.

Halafu kule mwisho wa ukuta, upande wa mikoko, yuko yule aswang wako. Kiwiliwili kiko juu na mabawa yake, miguu ameiacha chini imesimama peke yake, imevaa sketi ya maua na kandambili. Kandambili, mwanangu! Watoto walicheka. Wakubwa waliwavuta nyuma. Unajua tulivyo: tukifika Iloilo tukasema tunatoka Capiz, watu wanasogeza viti na kutuuliza kama usiku huwa tunaruka kunyonya watoto walio tumboni. Kapitan wa kijiji alitaka tangu mwanzo usimweke, wewe ukashikilia kwamba ni wetu na tumemficha vya kutosha.

Basi Nang Pacita, mama mkwe wa Jocelyn, akauliza kwa ile sauti yake ya puani, huu uso kautoa wapi, mbona kama wa mtu ninayemjua? Nikamjibu mbele ya wote: "Mwanangu hachori kitu asichokiona kwa macho yake." Nilikusifia vizuri au sivyo? Mimi mwenyewe sikuuona sawasawa, miwani imevunjika na jua lilikuwa linanipiga machoni, lakini hata kwa mbali ni kazi ya mtu mwenye kichwa.

Hata binamu yangu Rufina alitoka huko kwake mikokoni anakoshona makuti, yeye ambaye humwoni hata kwenye harusi. Alisimama mbele ya yule aswang muda mrefu, akanigeukia, akasema mwanao ana mkono mzuri, akaenda zake. Kwa Rufina hiyo ni hotuba.

Jocelyn tumbo limeshuka, siku zozote atajifungua. Kula vizuri huko. Usiwaache hao watu wa mabango wakufanye msafisha brashi, waambie mama yako ni nani.

Mama yako,
Consorcia, Soring wa chaza

*

Manila
18 Oktoba 1993

Nanay mpendwa,

Nimeisoma barua yako nimesimama juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika rangi. Tunachora bango la sinema refu kama nyumba tatu. Mimi nimepewa masikio. Bwana Teodoro anasema nikiyaweza masikio mwakani atanipa pua.

Nimefurahi kwamba mwezi unameremeta. Wasalimu wavuvi, waambie sikuamini kama ile gundi ingeshika.

Nanay, nakuomba kitu. Tengeneza miwani, halafu nenda ukautazame ule uso wa mwisho kwa karibu, asubuhi, jua likiwa nyuma yako. Usiende na mtu. Halafu uniandikie umeona nini. Niliumaliza siku ile ya mwisho kwa haraka kabla ya meli, na nilitaka kukwambia jambo bandarini, lakini ulikuwa unawaeleza mabaharia wote kwamba mimi ni msanii, sikupata nafasi.

Nang Pacita alikuwa anamaanisha mtu gani?

Mwanao,
Perlita

*

Talabahan
27 Oktoba 1993

Inday,

Miwani bado. Na hata ningekuwa nayo, pale ukutani sasa hapaendeki kwa utulivu.

Jocelyn amempoteza mtoto. Alizaliwa hajalia. Mkunga amesema kitovu kilimzunguka shingoni, na mimi namwamini mkunga, lakini nani anamsikiliza mkunga? Nang Pacita alitoka nje ya nyumba akaenda moja kwa moja kwenye ghala, akasimama chini ya picha yako na kusema: "Perlita alimwona. Alimwona akamchora, halafu akakimbia Manila." Na uso wanaousema ni wa Rufina.

Wanasema pua ni yake. Wanasema taya ni yake. Wanasema kwa nini anakaa peke yake mikokoni, kwa nini hali nyama ya nguruwe kwenye sherehe, kana kwamba mtu hawezi kuwa na tumbo baya. Juzi walimwaga chumvi kwenye kizingiti chake. Wewe unajua ya nini: ukitia chumvi kwenye ile miguu iliyoachwa, kiwiliwili kikirudi alfajiri hakiungiki tena, jua linamkuta hapo hapo. Rufina aliizoa chumvi kwa mikono akairudisha barabarani, hakumwuliza mtu. Nong Asyong naye ameshusha mkia mkavu wa samaki taa uliokuwa juu ya mlango wa marehemu baba yake, anatembea nao kama polisi na rungu lake, maana aswang haogopi kitu kama kuchapwa na mkia ule.

Waliniuliza na mimi. Nikasema ninalojua, kwamba mwanangu hachori asichokiona. Nilikuwa natetea kazi yako, Inday! Nilipoona macho yao yanavyoangaliana ndipo nikajua nimemwagia moto mafuta ya taa.

Sasa niambie mimi mama yako. Ulimwona? Rufina ni damu yangu, baba zetu ni ndugu, ingawa usiniambie kwamba tunafanana, maana pua yangu ni nyembamba na kila mtu anajua hivyo. Niambie ukweli, hata kama ni mbaya.

Mama yako

*

Manila
4 Novemba 1993

Nanay,

Si Nang Rufina. Nakuapia kwa kaburi la Tatay, si yeye. Nenda kwa Kapitan leo, usingoje kesho, umwambie mchoraji mwenyewe amesema si yeye.

Halafu chukua chokaa iliyobaki jikoni kwenye ndoo ya bluu, ufute uso huo. Uso tu. Ukishindwa kupanda mwombe mtu. Sitakasirika. Nitachora mwingine nikirudi, nitauchora hata uso wa mbuzi.

Usiniulize ni nani. Niamini tu. Kufuta kunatosha.

Perlita

*

Talabahan
11 Novemba 1993

Perlita,

Hakuna anayefuta. Nilikwenda na ndoo ya bluu nikiwa nimeshaikoroga chokaa, nikawakuta vijana wawili wa Nong Asyong wamekaa chini ya picha kama walinzi wa benki. Wakasema, kwa adabu zote, Nang Soring, rudi nyumbani, huo ni ushahidi. Nikaenda kwa Kapitan na maneno yako. Kapitan ni mtu mwema lakini ana uti wa mgongo wa pweza. Akaniambia: "Nang Soring, kama si yeye, ni nani? Uso lazima uwe na mwenyewe." Nimerudi njia nzima naongea peke yangu.

Siku ya kuwakumbuka wafu tulikuwa wote makaburini, mishumaa na keki za mchele kama kila mwaka. Rufina alipopiga magoti kwenye kaburi la mumewe, makaburi ya pande zote mbili watu walihama. Walichukua mishumaa yao ikiwa inawaka wakaenda kusimama mbali. Na Nang Pacita anaeleza kila mlango kwamba alimtazama Rufina machoni akajiona kichwa chini miguu juu, jinsi mtu anavyojiona kwenye jicho la aswang. Juzi walimng'olea makuti ya paa upande mmoja. Mvua ilinyesha usiku kucha.

Nilimpelekea wali na samaki. Tulikaa chini ya ule upande uliobaki. Nikamwambia Rufina, sema kitu, jitetee, wewe una mdomo. Akasema: "Mwulize Perlita. Mimi niliutambua siku ile ile, lakini si wangu wa kuusema." Halafu akaendelea kushona makuti yake kana kwamba mimi sipo. Amejua mwezi mzima, Inday. Amemwagiwa chumvi amenyamaza, anamficha mtu.

Kapitan ameitisha mkutano pale ukutani, Jumapili ya tarehe ishirini na nane, baada ya misa. Wanachotaka ni ahame. Nong Asyong anasema akifika jioni hajahama, wataichoma nyumba, na yeye maneno hayo hayasemi akiwa amelewa, anayasema asubuhi.

Kwa hiyo sikuombi tena. Nakuamuru. Uso ni wa nani?

Mama yako

*

Manila
18 Novemba 1993

Nanay,

Ni wako.

Nimeandika hivyo peke yake kwanza kwa sababu nimechana karatasi nyingi nikijaribu kuzunguka.

Ni wewe ulivyokuwa ule mwaka baada ya Tatay kufa. Una ile nyusi ya kushoto iliyokatika pale kisu cha chaza kilipokuteleza. Nang Rufina nyusi zake ni nzima, wangetazama wangeona, lakini hakuna anayetazama. Pua mnafanana, Nanay. Nisamehe.

Unakumbuka maji yalipokuwa yakipwa usiku ulikuwa ukienda kwenye vigingi vya chaza na taa, ukiturudia alfajiri? Mdogo wangu Dodong alikuwa akiamka analia. Basi kabla hujatoka ulikuwa unavua ile sketi ya maua, unavaa suruali ya Tatay, na sketi unaining'iniza kwenye kiti mlangoni na kandambili chini yake, ili mtoto akifungua macho aone miguu ya mama ipo. Yeye ilimtosha, alilala. Mimi nilikuwa mkubwa, nilijua kwamba juu ya kiti hakuna mtu. Nilikuwa nalala nikiitazama ile nusu uliyotuachia, nikijua nusu nyingine iko gizani majini inatutafutia chakula, na kwamba lazima irudi kabla ya jua. Watu walipokuwa wanasimulia habari za aswang mimi sikuwahi kuogopa. Nilidhani wanamsema mama yangu.

Ndiyo maana nilitaka awe ukutani. Nilitaka uwe ukutani. Nilikuwa nikwambie bandarini nikaona haya.

Nakuja. Nimeomba ruhusa, meli ya Ijumaa inafika Jumapili asubuhi. Usiseme chochote, Nanay. Nitasimama mimi niwaambie nilitunga. Wewe ukisema, watakuhamishia wewe yote, chumvi na mkia, na nani atanunua chaza mkononi mwako? Nisubiri.

Perlita

*

SIMU YA MAANDISHI
Manila, 26 Novemba 1993

NANAY. MELI IMEZUIWA. TUFANI. USISEME KITU. OMBA WAAHIRISHE. NAKUJA. PERLITA

*

Talabahan
29 Novemba 1993

Inday wangu,

Simu yako ilifika Jumamosi. Nilikwenda kuomba waahirishe. Kapitan akasema watu wameshapandwa na hasira, akiahirisha watakwenda bila yeye. Basi nikarudi nyumbani nikafungua sanduku.

Ile sketi bado ninayo. Najua umeshangaa. Haifungi tena kiunoni, mama yako amenenepa kwa neema ya Mungu, nikaibana na pini ya usalama nikavaa koti la mvua juu yake. Nikaenda misa hivyo. Sikuisikia hata sala moja.

Baada ya misa wote walishuka ghalani. Upepo wa hiyo tufani yako ulikuwa umeshafika kwetu, mawingu yanakimbia, bakunawa anaonekana kama anapumua. Walimweka Rufina mbele, kwenye benchi, peke yake. Alikuwa amekuja na sindano yake ya makuti mkononi, ameisahau. Nong Asyong alisimama nyuma yake na ule mkia. Nang Pacita akasema yake, akarudia ya macho. Jocelyn alikuwa amekaa pembeni amejifunika kanga, hajasema neno tangu siku ile. Kapitan akauliza kama kuna mwenye la kusema kabla hajauliza wanaotaka Rufina ahame wanyooshe mikono.

Nikasimama. Nikasema: "Mlinisikia nikisema mwanangu hachori kitu asichokiona. Sikusema uongo. Alichokiona ni mimi."

Halafu Nang Pacita, unajua alisema nini? "Soring, sifa zote za kijiji hiki umechukua wewe. Hata uaswang nao unautaka?"

Wakacheka, mwanangu. Kijiji kizima. Hata Kapitan alificha mdomo. Maisha yangu yote nimejisifu na watu wakacheka sikujali, lakini jana nilijali, maana nikipuuzwa hapo Rufina ndiyo basi tena. Nilimwona Nong Asyong anaukunja ule mkia mkononi.

Nikavua koti. Sketi ile, na kandambili zile zile za plastiki, nilizozishona kwa kamba kuukuu. Nikaenda kusimama chini ya picha, pembeni ya ile miguu uliyoichora. Maua kwa maua. Kicheko kikakatika kipande kipande, kuanzia mbele kwenda nyuma. Nikawaambia watazame nyusi. Nikamwita Rufina aje asimame nami, akaja, na hapo ndipo nilipotoa kitu ambacho hata mbele ya baba yenu sikuwahi kukitoa. Nikasema: "Ndiyo, pua ni moja. Tumefanana toka utotoni. Sasa tazameni nyusi."

Wakatazama.

Nikawasimulia ile habari ya kiti. Sikuisimulia vizuri, wewe uliiandika vizuri zaidi, mimi nilikuwa nachanganya. Nikasema mkitaka kumfukuza anayeruka usiku, basi ni mimi niliyekuwa naruka, mpaka kwenye vigingi vya chaza, na wengi wenu mmekula nilichorudi nacho. Nang Pacita akasema maneno matamu hayamrudishi mjukuu wake. Na hapo alisema kweli. Nikasema: "Basi njooni mjitazame machoni mwangu. Mmoja mmoja. Kichwa chini au kichwa juu, mseme mlichoona."

Hakuja mtu. Nang Pacita mwenyewe, aliyekuwa hodari wa macho, alitazama chini.

Aliyekuja ni Jocelyn. Alinyanyuka taratibu, bado anatembea kwa maumivu, mama mkwe wake akamshika mkono naye akautoa. Akaja akanishika mashavu kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kunibusu au kuninyonga. Alinitazama jicho hili, akanitazama na hili. Nilisikia upepo kwenye mikoko na nyuma yangu rangi yako, naapa niliisikia.

Nong Asyong akapaza sauti kuuliza: "Unajionaje?"

Jocelyn akasema, "Sioni kitu. Tiya Soring, macho yako yamejaa maji."

Akakaa. Kwenye lile benchi la Rufina, alikaa hapo akaanza kulia kwa sauti, mara ya kwanza tangu azike. Rufina akakaa karibu naye, akaiweka ile sindano chini, akamshika mgongo. Watu walisimama wakitazama. Kapitan hakuuliza mikono. Nadhani alisahau, au pweza naye ana siku ya kuota mfupa. Wakaanza kuondoka wawili wawili. Nong Asyong alibaki mwisho, akautazama ule uso, akanitazama mimi, akauweka mkia chini ya kwapa kama mwavuli.

Sitakudanganya kwamba yameisha. Leo asubuhi nimetandaza chaza zangu kama kawaida, wanawake wanapita upande wa pili wa barabara wanakagua mawingu. Na kwenye kizingiti changu nimekuta chumvi, nzuri, ya mawe. Nimeizoa yote nikakaushia samaki. Watu wa nyumba hii hawatupi chumvi.

Aliyekuja ni Rufina. Amebeba makuti mapya, anasema paa langu upande wa jikoni linavuja, kumbe amelitazama miaka yote hakusema. Tumekaa mlangoni tunakula chaza ambazo hazikununuliwa. Nikamwuliza kwa nini hakusema siku ile ile. Akatafuna, akatafuna. Akasema: "Ulikuwa umefurahi."

Hilo lina jibu gani? Wewe uliyesoma utanisaidia.

Njoo, bahari ikitulia. Simama upande wa kushoto wa meli, utatuona kabla hujaona kanisa: kwanza mwezi, halafu mimi. Nahodha wa mashua ya abiria amesema uso unaonekana mpaka nje ya mlango wa bahari. Hakuna mama mwingine Capiz nzima mwenye uso mkubwa kama mlango wa ghala, na nimeshamwambia kila mtu, hata wale wasionijibu. Wasije wakaugusa kwa chokaa.

Ila ukifika, Inday, kabla hujala, panda upunguze ile pua kidogo. Ya Rufina iache.

Mama yako,
Consorcia Belarmino, yule wa ukutani